Amri Kutoka Tumboni mwa Lango

"Korongo, samaki ametoka nyavuni. Mfuate."

"Nimemwona."

Verna Metoyer alichomeka redio ya Motorola kiunoni akakanyaga mafuta.

Mbele yake Ford nyeusi ya serikali ilikimbia juu ya tuta kama inayofukuzwa na nyuki. Mvua iliipiga ubavuni. Ilikuwa mchana, lakini mbingu zilikuwa nyeusi tii, na kutoka Ghuba ya Meksiko kimbunga kilikuwa kinakuja kimebeba bahari mabegani.

Verna alifanya kazi katika kitengo cha polisi wa jimbo ambacho hakikuwa na bango mlangoni wala namba kwenye kitabu cha simu. Kwa miezi kadhaa kazi yake ilikuwa mtu mmoja: Lyle Robichaux, Kamishna wa Malango ya Mafuriko, aliyeteuliwa na gavana mwenyewe. Asubuhi ile Robichaux alikuwa ametangaza redioni kwamba watu wa Port Cendrine watulie majumbani kwao, lango litafungwa kabla ya chakula cha mchana.

Watu wakatulia. Mmoja wao alikuwa bibi Eulalie, mama wa ubatizo wa Verna, aliyemlea tangu akiwa na meno ya utoto, na ambaye hakuwahi kukimbia kimbunga chochote maishani mwake.

Chakula cha mchana kilikuwa kimeshaiva, kimeliwa, na vyombo vimeoshwa.

Lango lilikuwa wazi.

Ford ikasimama. Wanaume wawili wakashuka, mmoja akiwa amemshika mwenzake mkono kama marafiki watokao baa. Wakatokomea kwenye mvua, upande wa lango.

Verna aliacha gari, akachomoa Glock yake, akawafuata.

Lango la Cendrine halikuwa na bawaba za kawaida. Lilikuwa tishari kubwa la chuma lililolazwa kando ya mfereji. Ukitaka kulifunga, winchi zinalizungusha mpaka ncha yake ifike ng'ambo. Kisha matumbo yake, vyumba vitupu vya ndani, yanajazwa maji, linazama, linaketi juu ya msingi wake kama kuku juu ya mayai. Bahari inabaki nje.

Juu ya tishari hapakuwa na mtu. Mfuniko mmoja ulikuwa wazi. Ndani, mtu aliugua.

Moyo ulimwambia asiingie.

Mtu akaugua tena.

Verna akashuka ngazi, bastola mbele, tochi juu ya bastola. Chini, kwenye sakafu ya chuma yenye maji ya kifundoni, Kamishna Robichaux alikuwa amekaa huku damu ikimchuruzika puani.

"Toka!" Robichaux akapiga kelele. "Toka, mjinga wewe, toka!"

Mfuniko ukaanguka.

Giza.

Mnyororo ukakwaruza juu. Kufuli likabana.

Verna alirukia ngazi akausukuma mfuniko kwa bega. Ni kama kusukuma kanisa. Akabonyeza redio. Ikakohoa, ikanyamaza. Chuma kilikuwa kimewazunguka pande zote.

Sauti ikashuka kupitia bomba la hewa lililokuwa darini, sauti ya mtu aliyejifunza Kiingereza ukubwani na kukipenda.

"Kamishna! Nimekuletea mgeni usiwe mpweke."

"Krul!" Robichaux akaita. "Krul, tulikubaliana!"

"Tulikubaliana ungeliacha lango wazi. Ukaanza kusikia huruma. Kaa hapo na huruma yako mpaka meli yangu ipite."

Nyayo zikaondoka. Mashine ya boti ndogo ikanguruma, ikapotea upande wa juu wa mfereji.

Verna alimmulika Robichaux usoni. Alikuwa mtu mnene, mwenye nywele zilizochanwa kwa uangalifu hata katika hali ile. Kabla ya ukamishna alikuwa akiuza malori. Wakati wa uchaguzi alimpigia gavana kampeni wilaya kwa wilaya, akapika gumbo, mchuzi mzito wa kwao, la kulisha nusu ya pwani, na gavana alipoapishwa, asante ikaja kwa namna ya kiti.

"Sema," Verna akasema. "Meli gani?"

"Wewe ni nani kwanza?"

"Mtu aliyefungiwa na wewe. Sema."

Robichaux akafuta pua. "Boti ya kuvuta matishari. Inaitwa Célestine. Ina makasha. Vifaa vya kuongozea makombora, vimeibwa ghalani huko juu ya mfereji. Kuna meli ya kigeni inamngoja Krul baharini. Shehena ilichelewa njiani kwa mafuriko. Lango likifungwa, atanasa ndani."

"Na lisipofungwa?"

Robichaux akafuta pua tena.

"Lisipofungwa, Kamishna?"

"Wimbi litapita hapa," akasema polepole. "Litaingia mjini."

"Na ulijua."

"Ilianza kama fadhila tu, dada. Ananipigia simu, naliacha lango wazi kidogo boti yake ipite. Watu wake walinisaidia kwenye kampeni. Ningekataaje? Leo nilikataa. Leo niliona picha za kimbunga, nikamwambia hapana." Akagusa pua yake. "Jibu lake hili hapa."

Verna hakuwa na nafasi ya kumhurumia wala kumchukia. Alimulika darini. Bomba la hewa lilikuwa na upana wa ngumi, limenyooka juu moja kwa moja. Mwishoni kulikuwa na kipande cha mbingu ya kijivu, kidogo kama sarafu.

Kipande cha mbingu kilitosha.

Akatoa mfukoni simu ya setilaiti ya Iridium, akavaa kisikilizi sikioni, akaangaza huku na huku. Pembeni kulikuwa na mti wa kupima kina cha maji. Akabonyeza namba, akaifunga simu kwenye ncha kwa kamba ya kiatu.

"Simama hapa," akamwambia Robichaux. "Nipe mabega."

"Mabega yangu?"

"Umebebwa vya kutosha. Leo beba."

Akapanda. Robichaux akayumba, akatukana, akashikilia ngazi. Verna akasukuma mti kwenye bomba mpaka simu ikachungulia nje mvuani.

Simu ikalia sikioni. Ikalia tena.

"Duplantis." Ilikuwa sauti ya kapteni wake, kutoka chumba cha dharura Baton Rouge.

"Korongo. Niko tumboni mwa lango la Cendrine. Nimefungiwa na kamishna. Krul anakuja na Célestine, mzigo ni vifaa vya makombora. Lango lazima lifungwe sasa."

"Helikopta haziruki. Barabara ya tuta imefunikwa na maji nyuma yako. Nakuunganisha na gavana."

Gavana Marguerite Savoie alikuwa mwanamke wa maneno machache, na siku ile yalikuwa machache zaidi.

"Lyle yupo hapo?"

"Yuko chini ya miguu yangu, Mheshimiwa."

"Mwambie atoe amri ya kufunga."

Verna akainama. "Gavana anasema toa amri."

Chini yake Robichaux akakumbatia ngazi.

"Hapana."

"Unasemaje?"

"Unajua tuko wapi wewe? Hili ni tumbo la maji! Lango likifungwa, humu ndimo yanamoingia. Nikisema 'funga' nimejizika. Ndiyo maana Krul alituleta humu! Mtu pekee anayeweza kuliamuru lango amekaa mahali ambapo hawezi kuthubutu."

Verna akageuza tochi. Akamulika ukuta. Akaona mdomo wa vali ya kuingizia maji, mpana kama kichwa cha ng'ombe, umeelekezwa kwao.

Yule mtu hakuwa anadanganya.

"Mheshimiwa," Verna akasema kwenye kisikilizi, "amekataa. Toa amri wewe mwenyewe."

"Siwezi."

"Wewe ndiye gavana!"

"Namteua kamishna. Lango ni lake. Zamani gavana mmoja alifunga lango kuokoa mashamba ya shemeji yake, akazamisha kijiji cha wenzake. Baada ya hapo Bunge likasema gavana asiguse lango. Kamishna ndiye anayeamuru, tena awe amesimama langoni, aone kwa macho yake maji yanakwenda kwa nani. Mtu wa usukani, anayelizungusha lango, akipokea amri yangu hataitii, na atakuwa na haki."

"Naibu je?"

"Kiti kitupu. Baraza la Seneti limemkalia mtu wangu tangu masika, halijamthibitisha."

"Basi mteue mtu wa usukani mwenyewe."

"Odile Naquin ni mtumishi wa kudumu. Anayezungusha hawezi kujiamuru. Sheria ni hiyo hiyo." Gavana akavuta pumzi. "Lakini kamishna anakaa kwa ridhaa yangu. Hilo halihitaji Seneti. Ninaweza kumtoa sasa hivi, na kaimu ninaweza kumtaja sasa hivi, ilimradi awe langoni."

Upepo ulipiga mlio kwenye bomba.

"Wewe uko langoni, Afisa Metoyer?"

"Mheshimiwa, niko tumboni mwake."

 Verna alisikia watu wakizungumza chinichini kule Baton Rouge, karatasi zikifunuliwa, kiti kikikwaruza.

"Unaelewa ninakuteua kufanya nini?" gavana akauliza. Sauti yake haikuwa ya gavana tena.

Verna alimfikiria bibi Eulalie jikoni kwake, miguu juu ya kigoda, anaisikiliza redio na kuiamini.

"Naelewa. Fanya haraka, nimesimama juu ya mtu."

"Niunganishie Lyle."

Verna akatoa kisikilizi, akakishusha mpaka sikioni mwa Robichaux. Hakusikia gavana alisema nini. Hayakuwa maneno mengi. Robichaux alisema, "Marguerite, nakuomba," kisha akasema, "Ndiyo, Mheshimiwa," na baada ya hapo akabaki akipumua tu kwa mdomo.

Verna akarudisha kisikilizi sikioni, na jaji mmoja aliyekuwa katika chumba kile cha dharura akamwapisha. Verna alirudia kila neno gizani, mkono mmoja umeshika mti, mwingine umeinuliwa hewani pasipo na wa kuuona. Kwamba ataitetea katiba. Kwamba atatekeleza kazi ya ofisi hii kwa uaminifu, kwa uwezo na ufahamu wake wote.

"Mungu akusaidie," jaji akamalizia.

"Anisaidie."

Robichaux chini yake alikuwa analia. "Utatuua," akasema. "Utatuua wote wawili, shetani wewe."

"Usiyumbe."

Duplantis akaunganisha laini. Sauti ya mwanamke ikaingia, nzito, yenye mikwaruzo ya sigara.

"Nyumba ya usukani. Odile Naquin."

"Bi Odile, mimi ni Verna Metoyer, Kaimu Kamishna."

"Nimeambiwa na Baton Rouge. Hongera, maana hakuna mwingine atakayekupa. Amri yako?"

"Funga lango."

"Uko tumbo gani?"

"La mwisho, mashariki."



"Hilo hujaa la kwanza, mwanangu. Vali zote zinafunguka pamoja, siwezi kulibakiza."

"Nimekuuliza?"

"Hapana."

"Kuna mfuniko juu, una mnyororo. Unaweza kutufikia?"

"Kati yangu na wewe kuna mfereji mzima unachemka kama sufuria. Boti haivuki." Akakohoa. Kisha sauti yake ikabadilika. "Lakini ngoja. Lango likiwa wazi, hakuna wa kukufikia. Likifunga, ncha yake inakuja mlangoni kwangu. Linakuwa daraja. Nitakuja kwa miguu."

"Usije mpaka limekaa chini kabisa. Hata ukitusikia tunapiga kelele. Hiyo nayo ni amri."

"Umeshika ofisi sasa hivi tu na tayari umenichosha. Shikilieni kitu."

Winchi zikaanza kulia.

Tishari zima likatetemeka. Likajing'oa ukingoni, likaanza kuzunguka, na mkondo wa mfereji ukalipiga tumboni kwa kishindo. Robichaux akaanguka. Verna akaanguka juu yake. Mti ukavunjika, simu ikaenda na upepo, na sikioni hakukubaki kitu.

Sasa walikuwa peke yao.

"Sijui kuogelea," Robichaux akasema.

"Mtu wa pwani?"

"Nilikuwa nauza malori!"

Kutoka upande wa juu wa mfereji ikasikika ngurumo ya mashine kubwa. Ilipita kwenye chuma ikaingia miguuni mwao. Célestine ilikuwa inakuja kwa kasi yote, ikitaka kupenya kabla lango halijafika ng'ambo. Ngurumo ikakua. Winchi zikalia. Ngurumo ikakua zaidi, mpaka meno yakagongana mdomoni.

Kisha pigo.

Ukuta wa chuma ukabonyea kwa ndani kama kopo la soda. Mashine ikapiga yowe, ikakwama.

"Amenasa," Verna akasema.

Lango likagusa ng'ambo. Kwa mara ya kwanza tangu waingie mle, kila kitu kikatulia.

Vali zikafunguka.

Maji yalikuja kama fahali. Yaliwabeba wote wawili yakawatupa ukutani, baridi, mazito, yenye harufu ya matope na dizeli. Yakafika magotini, kifuani. Tochi ikaenda. Verna alimkamata Robichaux kwenye mkanda wa suruali, akaweka mkono mwingine kwenye ngazi, akaanza kupanda pamoja na maji, kipago kwa kipago. Mtu yule alikuwa mzito kama mojawapo ya malori yake.

"Niache," Robichaux akabwabwaja.

"Kwani kuna mtu amekuuliza maoni? Wewe sasa ni raia tu."

Juu, kichwa chake kikagonga mfuniko. Hapakuwa na pa kwenda tena. Hewa yote iliyobaki ilikuwa darini, na ilikuwa ikikimbia kwa mluzi kupitia bomba. Verna akamsukumia Robichaux kwenye mdomo wa bomba. Robichaux akavuta pumzi. Verna akamtoa, akaweka mdomo wake mwenyewe. Akavuta. Akamrudisha.

Chini yao lango lilikuwa linazama. Alilisikia likishuka, likishuka, kisha likaketi juu ya msingi wake kwa mlio mmoja mzito uliotembea chuma chote.

Bahari ilikuwa imefungiwa nje ya Port Cendrine.

Alitaka kucheka. Maji yakamwingia mdomoni.

Pumzi kwake. Pumzi kwa Robichaux. Kisha bomba likaanza kunywa maji badala ya hewa, na Verna akafumba macho, akagonga mfuniko kwa kitako cha Glock. Akagonga. Akagonga kwa nguvu kidogo. Mkono ukaanza kuwa wa mtu mwingine.

Juu, chuma kikakata chuma.

Mfuniko ukafunguka na mvua ikamwangukia usoni.

Mwanamke mzee, mfupi, koti la mpira limefika vifundoni, alikuwa amepiga magoti na mkasi mkubwa wa kukatia minyororo kando yake. Aliingiza mikono, akamkamata Robichaux kwenye kola, akamburuta nje kama kambare.

"Amri ilisema mpaka likae chini," Bi Odile akasema akihema. "Limekaa."

"Msisogee!"

Sauti hiyo haikuwa ya yeyote kati yao.

Pua ya Célestine ilikuwa imejikita ubavuni mwa lango. Mtu mrefu mwenye koti la mvua la manjano alikuwa amepanda kutoka boti ile hadi kwenye sitaha, bastola mkononi, damu kwenye paji la uso. Krul. Macho yake yalikuwa kwa Bi Odile na kwa yule mnene aliyelala akitapika maji. Shimo la mfuniko lilikuwa nyuma yao.

"Fungua lango," Krul akasema.

"Kwa amri ya nani?" Bi Odile akauliza.

"Unaona bastola?"

"Naona. Bastola si kamishna."

Krul akamwelekezea Robichaux. "Kamishna yuko hapo. Kamishna! Mwambie afungue!"

Robichaux akainua kichwa. Nywele zake zilikuwa zimemfunika macho. Akamtazama Krul, akatazama bastola, na kitu kama kicheko kikamtoka pamoja na maji ya mfereji.

"Nimefukuzwa kazi," akasema.

Krul akakunja uso. "Nini? Sasa kamishna ni nani?"

"Mimi."

Glock ya Verna ilikuwa imelala ukingoni mwa shimo, na nyuma yake palikuwa na jicho moja tu lililo wazi. Akafyatua. Risasi ikampata Krul begani. Bastola yake ikaruka ukingoni, ikatumbukia upande wa bahari. Yeye mwenyewe akaketi kwenye sitaha, taratibu, kama mtu aliyekumbuka kwamba amechoka.

Verna akajivuta nje ya shimo. Akaenda kwa magoti, kisha kwa miguu, akamfunga pingu.

"Malango yamefungwa," akamwambia. "Rudi wiki ijayo."

Kule nje, upande wa Ghuba, wimbi la kwanza kubwa lilikuja. Lilipiga lango, likapanda, likarusha povu juu ya vichwa vyao. Lango halikutikisika. Upande wa ndani maji ya mfereji yalibaki chini, na mbali kidogo taa za madirisha ya Port Cendrine zilikuwa zinawaka moja moja.

Bi Odile akawapeleka wote nyumba ya usukani na kuwafungia dhoruba nje. Robichaux alikaa pembeni na blanketi, akitazama mikono yake. Polisi walipofika hatimaye kwa malori yenye magurudumu marefu, alinyoosha mikono mwenyewe kabla hawajamwambia. "Nitasema yote," akamwambia Verna. "Tangu fadhila ya kwanza."

"Sema yote kwa jaji. Mimi nina maji masikioni."

Simu ya mezani ikalia. Bi Odile akaipokea, akasikiliza, akampa Verna bila neno.

"Mjini ni pakavu," gavana akasema. "Watu wako hai na hawajui kwa nini. Nataka ubaki kwenye kiti hicho. Nitalipeleka jina lako Seneti kesho."

"Mheshimiwa, najiuzulu."

"Hakuna kamishna aliyewahi kukaa muda mfupi kiasi hicho."

"Wala aliyelowa kiasi hiki."

 Kwenye laini mtu alikuwa akimnong'oneza gavana majina. Verna aliyasikia, majina ya watu walioshika mabango, waliopika, waliochangisha.

"Basi nimteue nani?" gavana akauliza.

"Mtu anayeishi karibu na maji, Mheshimiwa. Usimteue tena anayeishi karibu na wewe."

Akaweka simu. Bi Odile alikuwa amemmiminia kahawa nyeusi yenye mizizi ya chikori, Verna akaimaliza amesimama, akamshukuru, akavaa koti lililokuwa zito kwa maji.

Nje mvua ilikuwa imepungua, na maji yalikuwa yameondoka barabarani. Akatembea juu ya mgongo wa lango, mikono mfukoni, kuelekea gari lake. Redio kiunoni ikakohoa, ikapata sauti.

"Korongo? Korongo, jibu. Makao makuu wanataka taarifa kamili."

Verna akaizima, akawasha gari, akashika njia ya nyumbani kwa bibi Eulalie.